Mama Maana Yake Baba

Nyumbani kwetu Chang'ombe, nyuma ya viwanda,
palikuwa na lugha mbili zisizo na jirani.

Ya baba ilikuwa Kijojia.
Mwaka wa sabini na nne walimpeleka Batumi kusomea chai,
Ambakisye, mtoto wa mchuma majani wa Tukuyu.
Akarudi Dar na koti la sufu, likaliwa na nondo
kabla halijaonja baridi,
na neno moja la kutuchezea kila tulapo machungwa:
gvprtskvni.
Konsonanti nane zimebanana,
irabu moja imeshika mlango.
"Unatumenya," alitafsiri, kisu mkononi,
ganda likishuka refu bila kukatika.

Kaka yangu Lusajo alijaribu, akapaliwa.
Mimi niliishia kutema mate.

Ya mama ilikuwa Kiesperanto.
Somoe binti Mfaume, karani wa vifurushi pale Posta,
aliipata kwenye bahasha ya mtu aliyehama,
masomo kumi kwa njia ya barua, mtumaji hajulikani.
Ikalala drooni miezi sita.
Wa saba, akaja nayo nyumbani ndani ya kikapu cha mchicha.
Kanuni kumi na sita, na hakuna mtoto mtundu:
jina linaishia na o, sifa inaishia na a,
wote wamepiga mstari, mashati yamechomekwa.
"Mi, ndiyo mimi," alituonyesha.
"Wamenikata nusu tu. Nimebaki nafahamika."

Basi jioni, umeme ukikatika, walianza.

"Lugha yako haina makaburi," baba alisema.
"Imechongwa mezani kama stuli.
Nani aliwahi kutukanwa kwayo akakosa usingizi?"

"Yako imejaa makaburi," mama alijibu,
"ndiyo maana mgeni hapati pa kukaa.
Stuli ni ya kukaliwa, baba Lusajo."

Akamchorea herufi vumbini kwa njiti ya kiberiti,
thelathini na tatu, zimejikunja kama vikonyo vya mboga ya maboga;
hakuna kubwa, hakuna ndogo,
hata jina la mfalme linaanza kama jina la punda.
Mama akazitazama kwa muda. Alizipenda, nilimwona.
Kisha akauliza:
"Na mama, huko, mnamwitaje?"
"Deda."
"Na baba?"
Baba akakohoa.
"Mama."

Alicheka mpaka kanga ikamtoka begani.
Akacheka kesho yake pia, akiosha vyombo, peke yake.

Siku ya tatu baba akarudisha:
"Na kwenu, baba ni nani?"
"Patro."
"Na mama?"
Sufuria ikatulia mkononi.
"Patrino," alisema taratibu.
Baba, kashonewa mkia.
Hakuna aliyecheka.
"Aliyeipanga," mama alisema, "siku hiyo alikuwa na haraka."

*

Mwaka jana, wodi namba nne, Temeke.
Nesi anafunga dripu: "Pole sana, bibi."
Mama anatabasamu, macho yamefumbwa.
"Kwetu, sana maana yake mzima."

Kwetu!
Si Kilwa alikomaanisha.
Ni ile nchi isiyo na udongo,
aliyoingia kwa bahasha ya mtu mwingine.

Baba yuko kwenye kiti cha plastiki, anamenya chungwa.
Vidole vinatetemeka, ganda linakatika, linakatika,
vipande vinaanguka karibu na kandambili zake.
Hazungumzii makaburi tena.

"Liseme," mama anamwambia. "Lile."
Analisema.
Na yeye, midomo imekauka, anajaribu,
miaka arobaini hakuwahi kuliweza,
na safari hii linapita lote,
g na v na p na r na yaliyobaki,
labda kwa kuwa pumzi ilikuwa fupi
na irabu hazikuwa na pa kukaa.

Nesi akageuka mlangoni.
"Hicho ni Kinyakyusa?"

Baba aliangalia maganda sakafuni.
"Ndiyo," akasema. "Cha kwetu."